Alama Nane ya Nani?

Mgeni mmoja kaipa hoteli alama kumi kwa kumi: chumba kisafi, kitanda kizuri, wahudumu wachangamfu, atarudi. Anayemfuata, aliyelala humohumo wiki ileile, kaipa mbili: chumba kama kabati, hakuna pa kutundika nguo, dirisha halifunguki, chai ya asubuhi ni ya kulipia. Na wewe uko Mbagala au Kisauni, simu mkononi, safari ya Dubai au London imekaribia, na hela ya chumba ni ya jasho lako. Umwamini yupi?

Waamini wote wawili. Mara nyingi kila mmoja anasema kweli, na chumba walichokikuta kilikuwa sawasawa. Walichotofautiana ni bei waliyolipa, shughuli iliyowapeleka na vitu walivyovizoea kwao. Kwa hiyo usihangaike sana kutafuta mkweli ni nani. Jiulize huyu aliyeandika ni mtu wa namna gani, alitaka nini, na kama wewe nawe unakitaka hichohicho. Hoteli za bei nafuu za kampuni kubwa, zile zenye jina moja miji kumi na vyumba vilivyofanana, sasa ndizo wanazofikia wengi wetu: mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Deira ya Dubai, mzazi wa Mombasa anayekwenda kumwona mtoto anayesoma Uingereza, familia iliyoachwa na ndege ya kuunganisha. Maoni kuzihusu ni maelfu kwa maelfu, na asiyejua kuyasoma ataishia kuchagua kwa alama tu.

Anza kwa kujua kinachouzwa. Hoteli hizi zilijengwa kwa kuondoa vitu. Motel 6 ilipoanza Santa Barbara, California, mwaka 1962, jina lake lilikuwa ndiyo bei yake: dola 6 kwa usiku, na televisheni ukaitumbukizia sarafu. Mwaka 1985 kampuni ya Accor ikaanzisha Formule 1 nchini Ufaransa. Vyumba vilitengenezwa kiwandani vikaja kupangwa tu kwenye kiwanja, vyoo na mabafu yakawa ya pamoja yenye kujisafisha yenyewe kila anapotoka mtu, na usiku mapokezi yakifungwa unalipa kwa kadi kwenye mashine iliyo mlangoni. Kisha mwaka 2005 Stelios Haji-Ioannou, yuleyule mwanzilishi wa shirika la ndege la easyJet, akafungua easyHotel ya kwanza South Kensington, London. Vyumba vyake vidogo kabisa vilikuwa na mita sita hivi za mraba. Kitanda kimegusa ukuta huku na huku, ukuta una rangi ya chungwa, na pembeni kuna kibanda cha plastiki ambamo choo, beseni na bomba la mvua vinakaa pamoja, hata ukioga wewe, choo nacho kimeoga. Vingine havikuwa na dirisha. Televisheni ulikuwa unailipia. Kufanyiwa usafi kabla hujaondoka, ulilipia pia.

Aliyeingia chumba cha namna hiyo akaandika kwamba hakina kabati wala birika la chai, hakukosea, ila hajakuambia jambo jipya. Kampuni yenyewe ilishalisema kwenye ukurasa wake wa kuuzia. London mpaka leo kuna hoteli za jina kubwa zinazouza vyumba visivyo na dirisha na kuandika hivyo wazi, na bado kila mwezi kuna mgeni anayeshangaa. Kwa hiyo kabla ya kusoma maoni hata moja, soma orodha ya kilichomo na kisichomo. Ukishaijua, malalamiko mengi utayapita bila kusimama.

Yanayobaki ndiyo yenye maana, nayo hayalingani uzito. Kuna lawama za usiku mmoja: mhudumu alikuwa na ghadhabu, lifti iliharibika, jirani alilewa akapiga kelele. Hizo ni bahati ya mtu. Na kuna lawama za jengo lenyewe: maji ya moto hayafiki ghorofa za juu, kiyoyozi kinanguruma, chumba kinachotazama barabara hakilaliki, kapeti lina harufu ya unyevu. Hizi ndizo za kukaa nazo. Utazijua kwa kujirudia. Mtu wa Machi kasema maji ya moto hayafiki, wa Juni kasema, wa Septemba kasema kwa lugha nyingine kabisa: hilo ni bomba. Panga maoni kwa tarehe, mapya yatangulie, kisha tumia kisanduku cha kutafutia ambacho tovuti nyingi zinacho. Andika neno la Kiingereza la kelele, la harufu, la kunguni, la maji ya moto, uone majibu yametoka miezi mingapi tofauti. Dakika tano hizo zinafaa kuliko saa nzima ya kusoma kila mstari.

Alama ya jumla iogope kidogo. Kwenye Booking.com anayeandika ni yule aliyepitishia nafasi yake hapo, na alama zake zinakwenda mpaka kumi. Tripadvisor humpokea yeyote mwenye akaunti, na kipimo chake ni tano. Google huwapa nafasi hata wanaobonyeza nyota bila neno lolote. Basi nane ya huku usiipime na nne ya kule. Kinachosaidia zaidi ni mgawanyo: usafi peke yake, wahudumu peke yao, eneo peke yake, thamani ya pesa peke yake. Kwa hoteli ya bei nafuu mimi huangalia usafi kwanza, na ukiwa chini ya nane naondoka hapo hata kama eneo limepewa tisa na nusu. Chumba kidogo kinavumilika. Shuka ya jana haivumiliki.

Alama ya eneo ndiyo inayowapotosha zaidi watu wetu wanaokwenda Dubai. Wengi wanaoitoa ni watalii. Wanataka ufuo na Burj Khalifa, na hoteli iliyo mbali na hayo wanaiita iko mbali na kila kitu. Mfanyabiashara anataka Deira: Naif, Murshid Bazaar, ofisi za kargo, mahali atakapobeba marobota akayafikisha bila kulipa teksi tatu kwa siku. Mwingine shughuli yake yote iko soko la Dragon Mart, nje kabisa ya njia za watalii. Kwa hao alama ya eneo ni ya kuachwa. Fungua ramani, pima mwenyewe umbali kutoka hotelini hadi dukani na hadi kituo cha metro, tena pima kwa miguu, maana mwezi wa Julai mita mia sita za Dubai si mita mia sita za Moshi. Na mtalii akilalamika kwamba adhana ya alfajiri imemwamsha, mama wa Kisauni ameshajua msikiti uko karibu. Lawama ya mmoja ni sifa kwa mwingine, na maoni yamejaa sifa za namna hii zilizojificha.

Kitu kingine kisichoandikwa ni bei. Hoteli hizi huuza vyumba kama mashirika ya ndege yanavyouza viti: anayewahi analipa kidogo, anayechelewa analipia shida yake. Chumba kilekile cha London kinaweza kuuzwa chini ya pauni 60 Jumapili ya Februari kikapita 150 Jumamosi ya kiangazi. Aliyelipa 60 ataandika kwamba kwa pesa ile hana neno. Aliyelipa 150 atahesabu kila doa la ukutani. Tovuti haikuonyeshi nani alilipa ngapi, lakini mwezi aliolala unaonekana. Maoni makali yakirundikana miezi ya kiangazi, au wiki za maonyesho makubwa ya biashara, fahamu kwamba bei ilikuwa juu, hoteli imejaa na wahudumu wamechoka. Wewe unayekwenda mwezi mtulivu huenda ukakuta nyumba nyingine. Na ukienda wiki hizohizo za watu wengi, basi wasiwasi wao ni wako.

Jina moja pia halina maana ya nyumba moja. Premier Inn, ambayo kampuni ya Whitbread ilianza kuijenga mwaka 1987 ikiitwa Travel Inn, ina hoteli zaidi ya 800 Uingereza, na tangu 2008 iko Dubai kwa ubia na kundi la Emirates. Ya Uingereza mara nyingi iko kando ya barabara kuu au katikati ya mji, na haina bwawa la kuogelea. Ile ya karibu na uwanja wa ndege wa Dubai ina bwawa juu ya paa. Aliyesoma sifa za moja akafikia nyingine asije akashangaa. Ndani ya kampuni moja tu kuna madaraja: Accor ina ibis ya kawaida, ambayo ya kwanza ilifunguliwa Bordeaux mwaka 1974, ina ibis Styles, ambayo hata Westlands ya Nairobi ipo, na ina ibis budget, ambayo zamani iliitwa Etap. Rangi ya kibao ndiyo inayozitofautisha, nyekundu, kijani na buluu, na wageni wengi wakiandika wanasema tu walilala ibis.

Hiyo ibis budget niiseme kidogo, kwa sababu ina jambo ambalo maoni ya Wazungu hulipita kwa mstari mmoja na kwetu ni kubwa. Katika vyumba vyake vingi bafu limewekwa chumbani humohumo, limezungushiwa kioo, na juu ya kitanda kikubwa kuna kitanda kimoja cha ngazi cha mtu wa tatu. Vijana wawili wanaopita njia hawaoni tabu. Sasa mchukue mtu anayesafiri na mama mkwe wake kumpeleka hospitali, au kaka na dada waliochukua chumba kimoja kubana matumizi. Kioo kile, hata kikiwa na ukungu, ni aibu ya safari nzima. Picha za hoteli huchukuliwa pembeni bafu lisionekane vizuri. Tafuta picha zilizopigwa na wageni wenyewe kwa simu, zile zilizopinda na zenye begi sakafuni. Ndizo zinazosema kweli kuhusu ukubwa wa chumba na mahali mlango wa bafu unapofungukia.

Hapa ndipo penye shida kubwa ya maoni ya wageni kwa msomaji wa Kiswahili. Yanakosa vitu ambavyo waandishi hawakuwa na haja navyo. Hakuna Mwingereza atakayeandika kwamba chooni hakuna maji ya kujisafishia, kwa sababu hajawahi kuyatarajia. Hoteli za Ghuba kwa kawaida zina mpira wa maji pembeni ya choo. Za Uingereza kwa kawaida hazina, za bei nafuu hata za ghali, na hilo hulisomi popote. Beba kopo, au chupa tupu ya maji, yamekwisha. Alama ya kibla iliyobandikwa darini au ndani ya droo utaikuta Dubai na Muscat. Birmingham utatumia simu. Chai ya asubuhi ya Kiingereza ina soseji na vipande vya nyama ya nguruwe. Mayai, maharage, mikate na matunda vipo, lakini uliza vimekaangwa kwa nini. Kwenye familia habari ni njema zaidi: Premier Inn za Uingereza huwapa watoto wawili kifungua kinywa bure kwa kila mtu mzima anayelipia chake kamili. Mwenye watoto wanne apige hesabu hiyo kabla ya kukimbilia hoteli iliyo rahisi kwa pauni kumi.

Umeme nao unaachwa kwa sababu hiyohiyo. Plagi ya pini tatu ya Nairobi na Dar es Salaam inaingia London na Dubai bila adapta. Ufaransa na Ujerumani haiingii. Mjerumani aliyelala Paris hawezi kukuambia hilo.

Joto na baridi vipime kwa mwili wako. Hoteli nyingi za bei nafuu za Ulaya hazina kiyoyozi, na Julai maoni hujaa vilio vya watu walioshindwa kulala kwa joto la nyuzi 27. Mtu wa Tanga atacheka. Lakini asicheke mapema: madirisha mengine hufunguka vidole vitatu tu, na feni hakuna. Januari angalia kinyume chake, nani amesema kipasha joto hakikufanya kazi. Hilo aliyetoka pwani asilipuuze hata kama limesemwa mara moja.

Kunguni nao wana adabu yao ya kusomwa. Vuli ya 2023 Paris ilitajwa dunia nzima kwa kunguni, na tangu hapo kila mwasho umeitwa kunguni. Wadudu hawa husafiri na mabegi, hawachagui nyota, na hoteli safi inaweza kuletewa na mgeni wa jana. Kwa hiyo mtu mmoja kuwataja mwaka jana hakunikimbizi. Ninachoangalia ni jibu la hoteli. Ikijibu kwamba chumba kilifungwa, fundi wa dawa akaja, na vyumba vya jirani vikakaguliwa, hiyo inajua kazi. Ikibandika maneno yaleyale ya kushukuru na kusikitika chini ya kila lalamiko, hakuna anayesoma. Na popote ulalapo, kabla ya kufungua begi, liweke bafuni, inua shuka, kagua mishono ya godoro na nyuma ya ubao wa kichwani.

Maoni ya uongo yapo. Mwaka 2017 kijana mmoja mwandishi wa London, Oobah Butler, alilisajili kwenye Tripadvisor banda la bustanini kwake kama mgahawa, marafiki wakaliandikia sifa, na banda lisilopika chochote likapanda hadi namba moja kati ya migahawa ya London. Hoteli kubwa hazihitaji kufika huko. Zina njia ya upole zaidi, na Dubai utaikuta kila mara: mhudumu anakuhudumia vizuri, siku ya kuondoka anakuomba uandike na utaje jina lake, kwa kuwa kutajwa huhesabiwa kazini kwake. Matokeo yake ni msururu wa maoni mafupi ya nyota tano, yote yanamsifu mtu wa mapokezi au wa usafi kwa jina, na hakuna hata moja linalotaja godoro. Mengi yameandikwa na akaunti zisizo na maoni mengine. Sina ugomvi na mfanyakazi anayetafuta riziki, na wengi wao sifa wamezistahili. Ila yaweke pembeni unapohesabu. Yenye nyama ni ya kati, sita mpaka nane kwa kumi, ya mtu aliyefurahi lakini hakujizuia kusema kilichomkera. Huyo hakutumwa na hasira wala hakuombwa na mtu.

Tukija kwenye pesa, maoni husaidia mahali pamoja muhimu: mapokezi. Tafuta wanaosema walishtukizwa malipo. Dubai kuna ada ya utalii tangu 2014, dirham 7 mpaka 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na daraja la hoteli. Kwa hoteli za nyota mbili na tatu ni 10, na mara nyingi hailipwi mtandaoni bali ukifika. Miji mingi ya Ulaya ina ada yake. Kisha kuna amana. Hoteli huzuia kiasi fulani kwenye kadi yako hadi utoke, na kwa kadi ya benki ya kawaida pesa hiyo inaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kurudi. Mfanyabiashara aliyebeba mtaji wake wote kwenye kadi moja atajikuta ana salio asiloweza kulitumia. Uliza kwa barua pepe kabla: amana ni kiasi gani, na taslimu mnapokea? Kama umelipia kwa kadi isiyoshikika, mfano ile ya M-PESA GlobalPay waliyonayo Wakenya tangu 2022, fahamu kwamba hoteli nyingine hutaka kuiona kadi iliyolipia. Pata jibu la maandishi kwamba hawataidai, ulihifadhi kwenye simu.

Muda wa kuingia nao ni wa kuuliza mapema. Ndege nyingi za usiku kutoka Nairobi hutua London asubuhi, na chumba hutolewa saa nane au saa tisa alasiri. Hoteli hizi hazina wafanyakazi wa kutandika mapema kwa ajili yako, na zinazokubali hutoza. Maoni yatakuonyesha kama mizigo hupokelewa bure, inawekwa kwa kulipia, au hakuna pa kuiweka. Na kwa wanaokwenda kununua, msikae watu wanne kwenye chumba cha wawili mkitegemea huruma. Dubai kila anayelala husajiliwa kwa pasipoti.

Guangzhou ni somo lake peke yake. Kwa miaka mingi hoteli nyingi za bei nafuu za China hazikuwapokea wageni wa nje, hata mwenye nafasi iliyolipiwa alirudishwa mlangoni usiku. Mwaka 2024 serikali ilizitaka ziache kuwakataa, lakini mazoea hayafi kwa tangazo. Huko tafuta jambo moja tu kabla ya yote: kuna Mwafrika au mgeni yeyote wa nje aliyeandika miezi ya karibuni kwamba alilala? Maonyesho ya biashara ya Canton ya mjini humo, Aprili hadi mwanzo wa Mei na Oktoba hadi mwanzo wa Novemba, hupandisha bei na kujaza vyumba, kwa hiyo nafasi isiyo ya uhakika ni hatari zaidi wakati huo.

Anayeomba viza ya Schengen anaonyesha mahali atakapolala. Achukue bei inayoruhusu kufuta bila hasara, ingawa ni kubwa kidogo, hata kama maoni yote yanasifu ile bei isiyorudishwa. Wanaoisifu pasipoti zao hazingoji ubalozi.

Ukishafika na chumba kina kasoro, sema usiku huohuo. Wengi wetu tuna tabia ya kumwambia mhudumu hamna shida, kisha tukifika nyumbani tunaandika moto, au hatuandiki kabisa tunasimulia msibani. Kampuni hizi zina vyumba vilivyofanana, na kuhama kutoka namba 212 kwenda 418 ni kazi ya dakika kumi kwao. Premier Inn ilitangaza kwa miaka mingi kwamba usipolala vizuri itakurudishia pesa. Ahadi ya namna hiyo haina faida kwako ukilala na kelele zako hadi asubuhi bila kushuka mapokezi. Nenda kwa heshima, taja tatizo moja, sema unataka nini: chumba cha juu, mbali na lifti, upande wa nyuma. Piga picha. Wakikataa, hapo una neno la kuandika.

Na uandike, tafadhali. Maoni hayatuhusu kwa sababu hatumo. Andika kwa Kiswahili kama ndicho kinachokutoka vizuri, tovuti kubwa zina kitufe cha kutafsiri, na dada yako wa Tabora atakisoma bila tafsiri. Sema ulikwenda na nani na kwa shughuli gani, mwezi gani, ghorofa ya ngapi, dirisha linatazama wapi. Sema kama chooni kuna maji, kama bafu lina mlango, msikiti au kanisa liko umbali gani, kilo zako sabini za mzigo zililala wapi siku ya kuondoka, kadi ipi ilikubaliwa na ipi ilikataliwa. Na bei uliyolipa iandike kwa tarakimu.